Kubadili Vyuma vya Mbele vya Pikapu Kuukuu: Kazi ya Nyumbani Inaanzia Wapi na Kuishia Wapi

Mwenye pikapu kuukuu akipeleka gari lake gereji kwa sababu ya mlio wa mbele, mara nyingi hurudi nyumbani na orodha: bolijointi nne, tairodi zote, bushi za amu za juu na za chini, shokapu mbili, na pengine aidla. Orodha hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa. Inaweza pia kuwa imetolewa na mtu aliyetikisa tairi mara moja huku gari likiwa chini, akamaliza. Mwenye gari hana namna ya kutofautisha. Anachojua ni kwamba jumla ya spea na ufundi inakaribia kiasi ambacho hawezi kukitoa mwezi huu, na kwamba gari ndilo linalopeleka mzigo sokoni. Hapo ndipo linapozuka swali la kuifanya kazi hiyo nyumbani, kwa jeki, spana na subira.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, kwa pikapu nyingi za zamani, ila ugumu wake haupo pale watu wanapoudhania. Kufungua chuma cha zamani na kufunga kipya ni sehemu ndogo. Ugumu upo kabla ya kufungua, katika kujua ni kipi hasa kilichokwisha, na baada ya kufunga, katika kukaza gari likiwa kwenye kimo chake na kurudisha vipimo vya matairi. Wanaoshindwa nyumbani hushindwa katika ncha hizo mbili, na gereji nyingi za barabarani hushindwa palepale.

Nitatumia Toyota Hilux kama mfano, hasa ya kizazi cha tano kilichoanza 1988 na ya kile kilichofuata 1997, kwa sababu bado zinafanya kazi kuanzia Mtwara hadi Lodwar, na kwa sababu ndani ya jina hilo moja mna miundo mitatu ya mbele isiyofanana. Kuna 4x4 yenye ekseli nzima na springi za majani, kama LN106. Kuna 4x4 ambayo kila tairi la mbele linacheza peke yake kwa amu mbili na tosheni ba. Na kuna ile inayosukumwa na matairi ya nyuma pekee, nayo ina amu mbili na tosheni ba, lakini imepangwa tofauti. Isuzu TF na Nissan D21 za enzi hizo nazo zilitumia tosheni ba. Hilux iliyotoka 2004, ambayo wengi huiita Vigo, ilihamia springi za mviringo, na hiyo ina hatari yake ambayo nitaigusa.

Magari haya hayatatoweka karibuni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, kwa hiyo pikapu ambayo tayari iko nchini ina thamani kuliko sura yake inavyoonyesha. Chasisi yake ni imara, injini inafungulika, na vyuma vya mbele vinauzwa kila mahali. Mwenye nayo ana sababu nzuri ya kuitunza badala ya kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Uzito unapita wapi

Kabla ya kugusa spana, mtu anapaswa kulala chini ya gari na kufuata njia ya uzito kwa macho. Sielewi kwa nini jambo hili husemwa mara chache, maana karibu kila uamuzi unaofuata unalitegemea.

Tosheni ba ni nondo ya chuma cha springi inayolala sambamba na chasisi. Ncha moja imefungwa kwenye amu, nyingine kwenye kishikio chenye bolti ya kurekebishia. Tairi likipanda juu ya tuta, nondo inajisokota, likishuka, inajisokotoa. Amu iliyoshikwa na nondo hiyo ndiyo inayobeba gari. Uzito unatoka kwenye chasisi, unapita kwenye nondo, unaingia kwenye amu hiyo, unapita kwenye bolijointi iliyo mwishoni mwake, unafika kwenye stabu, kisha habu, kisha tairi. Ile amu nyingine haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kulielekeza tairi lisilale.

Kwa hiyo katika kila upande mna bolijointi mbili, lakini moja tu ndiyo iliyobeba gari. Katika Hilux ya kusukumwa na matairi ya nyuma pekee, nondo imeshikwa na amu ya chini, hivyo bolijointi ya chini ndiyo yenye mzigo. Katika 4x4 yenye amu mbili, ekseli fupi za mbele zimechukua nafasi ya chini, na nondo ikawekwa kwenye amu ya juu. Huko mzigo uko juu. Watu wawili wenye Hilux za mwaka mmoja wanaweza kupeana ushauri na kila mmoja akawa amemwelekeza mwenzake kwenye bolijointi isiyohusika.

Yenye mzigo huchakaa mapema zaidi, na ikiachia, gari linaanguka upande huo na tairi linalala chini ya bodi. Nchini Marekani mwaka 2005 Toyota iliita tena karibu magari 775,000 ya aina ya Tacoma, 4Runner, Tundra na Sequoia kwa sababu ya bolijointi za chini. Katika muundo ule uzito wa gari unavuta kijiti kitoke ndani ya kikombe chake badala ya kukisukuma kiingie, kwa hiyo jointi ikichakaa hakuna kinachoizuia isichomoke. Anayelala chini ya gari lake na kuona namna jointi inavyovutwa au kusukumwa anapata kujua ipi asiifanyie mzaha hata siku moja.

Kutafuta kilichokwisha

Namna ya kuinua gari wakati wa kupima inatokana na njia hiyohiyo ya uzito. Kama nondo au springi imekaa kwenye amu ya chini, jeki iwekwe chini ya amu hiyo, karibu na bolijointi, ili mzigo uondoke juu ya jointi yenyewe na mchezo wake uonekane. Kama nondo iko kwenye amu ya juu, gari liinuliwe kwa chasisi na tairi lining'inie. Ukikosea hapa, nguvu ya springi itaendelea kuibana jointi mbovu na utaitangaza kuwa nzima.

Tairi likiwa juu, shika sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa, vuta na sukuma kwa kupishana. Likicheza, usikimbilie kusema bolijointi. Beringi za habu zilizolegea hutoa mchezo huohuo, na kukaza beringi ni kazi ya spana na grisi, wakati bolijointi ni fedha na nusu siku. Mwite mtu akae kwenye usukani: kanyaga breki, shikilia. Breki ikishika, habu na stabu vinakuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, uko kwenye bolijointi au kwenye bushi za amu. Ni kipimo cha nusu dakika, na nimeona orodha ndefu za spea zikifutika kwa sababu yake.

Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huu unaelekea kwenye tairodi, aidla, au boksi la usukani. Kwa vyuma vya usukani, hata hivyo, kipimo bora hufanyika gari likiwa chini. Mtu azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, bila kuwasha injini kama nguvu zinamtosha, nawe uwe chini umekumbatia kila jointi kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Kidole huhisi jointi inayoruka kabla jicho halijaona chochote. Aidla ndiyo husahaulika zaidi, ile iliyofungwa kwenye chasisi upande usio na boksi la usukani. Ikichoka, gari linatangatanga barabarani, dereva anarekebisha usukani kila mara, na mwenye gari ananunua tairodi ambazo hazikuwa na kosa.

Bushi zinahitaji taa na mtaimbo mwepesi. Sukuma amu mbele na nyuma karibu na bolti yake. Mpira mzima hurudi ulipokuwa. Uliokwisha huacha amu iteleze kwa chuma kugusa chuma, na mara nyingi utaona michirizi ya kutu ya rangi ya chai ikitoka kwenye shimo la bolti. Mpira wenye nyufa ndogo za juu juu unaweza kuendelea kwa muda mrefu. Mpira uliochanika kutoka kwenye chuma chake hauendelei.

Mlio wenyewe husema mengi ukisikilizwa kwa mpangilio. Kinachogonga kwenye matuta madogo ya haraka, kama barabara ya vumbi iliyojikunja, na kunyamaza kwenye lami, mara nyingi ni linki ya stabilaiza au bushi zake, spea ya bei ndogo kuliko zote katika orodha. Kinacholia mara moja kwa kishindo unapoanza kushika breki ni amu inayosogea. Kinacholia kama mlango mkavu ukikata kona gari likiwa limesimama ni bolijointi iliyoishiwa grisi. Tairi nalo huweka kumbukumbu: likiliwa ukingo mmoja tu, tazama mlalo wa tairi na bushi za amu, likiliwa kwa makali unayoyahisi ukipitisha kiganja upande mmoja na usiyahisi upande wa pili, matairi hayaelekei sambamba, likiwa na mabonde mabonde, shokapu zimekufa.

Je, ubadilishe kilichokwisha peke yake au vyote? Mimi sikubaliani na wale wa "vyote kwa pamoja" wala na wale wa "hiki kimoja tu." Shokapu na bushi zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, kwa sababu pande mbili zenye ugumu tofauti hulivuta gari. Bolijointi yenye mzigo ikifa upande mmoja, ya upande wa pili imetembea njia ileile na mzigo uleule, nayo itoke. Bolijointi isiyo na mzigo, kama haina mchezo na kifuko chake cha mpira ni kizima, iachwe. Kitu ambacho ili kukifikia lazima amu itoke, kibadilishwe amu ikiwa nje hata kama bado kina maisha kidogo. Kinachofikiwa bila kuvunja kitu kingine, kama linki ya stabilaiza, kisubiri siku yake.

Spea

Gerezani mjini Dar es Salaam, Kirinyaga Road mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala, bolijointi ya Hilux inapatikana kwa madaraja manne: ya kampuni iliyotengeneza gari, ya watengenezaji wa Japani kama 555, nakala za bei ya chini zisizo na jina linalojulikana, na iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Daraja la pili ndilo ninalolipendekeza kwa wengi, ila ndilo pia linaloigizwa zaidi, kwa sababu boksi lenye jina linalouzika ni rahisi kuchapisha kuliko kufua chuma kizuri. Tanzania, bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani. Kenya ina mamlaka yake ya kupambana nazo. Lakini kaunta ni yako na mkono ni wako. Shika kijiti cha bolijointi mpya ukizungushe: kiwe kizito, chenye ugumu ulio sawa kila upande. Kikizunguka kilegevu kama kalamu ndani ya kikombe, rudisha. Tazama kifuko cha mpira kama kimekaa vizuri kwenye chuma, tazama nyuzi za bolti kama ni safi, tazama kama nati na pini vimo ndani ya boksi. Linganisha na ya zamani, palepale kaunta, urefu wa kijiti na nafasi za matundu.

Spea ya gari lililokatwa ni nzuri kwa amu yenyewe, kama haijapinda, na kwa stabu. Kwa bolijointi na bushi sioni faida: unanunua mpira uliozeeka na mchezo ambao hujui umeanza lini.

Liko suala la spea za kuchonga. Karakana zetu za mashine huchonga bushi za nailoni na hukata bushi kwenye mpira wa tairi, na kwa springi za majani au bushi za stabilaiza kazi hiyo ni ya heshima na hudumu. Bolijointi iliyofunguliwa, ikajazwa kipande cha nailoni na kufungwa tena kwa kulehemu ni jambo jingine. Moto wa kulehemu huharibu ugumu wa kijiti, na kijiti hicho ndicho kinachotenganisha watu wa ndani ya gari na barabara. Isifungwe kwenye gari lolote, hata la shamba.

Kufungua

Sehemu ya kufanyia kazi iwe ngumu na tambarare. Jeki ni ya kuinulia. Kazi ya kulishikilia gari ni ya stendi za chuma, zikiwekwa chini ya chasisi. Ardhi ikiwa ya mchanga, kama zilivyo nyua nyingi za nyumba za pwani, weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi. Tofali lisitumike, la saruji wala la kuchoma: hupasuka ghafla, bila kutoa dalili. Matairi ya nyuma yawekewe vigingi, na tairi lililotolewa lilazwe chini ya chasisi, ili stendi ikiteleza gari liangukie tairi na lisimwangukie mtu. Nati za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini.

Jioni ya kabla, nyunyizia mafuta ya kupenya kutu kwenye kila bolti utakayoifungua, na asubuhi nyunyizia tena. Katika magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya bahari hushikanisha bolti ya amu na chuma cha ndani cha bushi, na bolti inazunguka pamoja na bushi yote bila kutoka. Hapo hakuna ujanja zaidi ya msumeno.

Kabla ya kulegeza bolti ya kurekebishia tosheni ba, ipime. Pima urefu wa nyuzi zinazotokeza nje ya nati, andika kushoto na kulia kando kando, na upige mstari wa rangi kwenye nondo na kishikio chake. Nondo ya kushoto si ya kulia. Zimesokotwa kwa kuelekea pande tofauti na huwa na alama kwenye ncha. Zikibadilishana, zitavunjika. Legeza bolti polepole mpaka nondo iishiwe nguvu, ndipo uguse amu. Hii ndiyo sababu gari la tosheni ba ni rafiki wa kazi ya nyumbani: nguvu ya springi inatolewa kwa spana, kidogo kidogo, ikiwa mbele ya macho yako. Springi ya mviringo haitoi nafasi hiyo. Imebanwa kati ya amu na chasisi, na bolijointi ikiachia bila springi kufungwa kwa kibano chake maalumu, inaruka kwa nguvu ya kuua.

Kijiti cha bolijointi na cha tairodi kina umbo la tepa, nacho hushikamana na tundu lake hata baada ya nati kutoka. Wengi hugonga ncha ya kijiti kutoka chini, wakaharibu nyuzi, na kijiti kisitoke. Kinachotakiwa kugongwa ni jicho la chuma lililozunguka kijiti. Legeza nati mizunguko michache lakini uiache ishike, halafu piga ubavu wa jicho kwa nyundo nzito huku upande wa pili umewekewa nyundo nyingine au chuma kizito. Pigo moja au mawili ya haki hupanua jicho kwa kiasi kidogo mno na kijiti huruka chini kwa mlio. Nati iliyobaki huizuia amu isikuangukie. Pula ya bolijointi hufanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi kama unaweza kuiazima. Uma wa kugongea huchana kifuko cha mpira, kwa hiyo utumike pale tu jointi inapokwenda kutupwa.

Kalipa ya breki isiachwe ining'inie kwa hozi yake. Ifungwe kwa waya kwenye chasisi. Na kabla ya kutoa amu, tazama namna mlalo wa tairi unavyorekebishwa: kuna magari yenye shimu nyembamba nyuma ya bolti za amu ya juu, kuna yenye bolti za kamu kwenye amu ya chini. Shimu zihesabiwe na zifungwe kwa uzi, za mbele kando na za nyuma kando. Kamu ipigwe alama ya patasi.

Bushi huwakwamisha watu. Kuzitoa kwa moto wa mpira uliowashwa ni desturi ya muda mrefu, na moshi wake ni sumu. Isitoshe, chuma kinapata joto ambalo hakikuombwa. Kama huna presi, peleka amu iliyotolewa kwenye karakana yenye presi, lipa kazi hiyo peke yake, na rudi nayo nyumbani. Kazi ya nyumbani haidai kwamba kila hatua ifanyike chini ya mwembe wako. Mafundi wa mashine huitoza bushi moja moja, na bado utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama.

Kukaza

Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na amu inapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota, kisha unarudi. Bolti ikikazwa, chuma cha ndani kinabanwa na mahali palipo sifuri ya mpira panawekwa hapohapo. Ukiikaza gari likiwa juu na amu imening'inia, sifuri inakuwa kule chini. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa usiku, na kila tuta linausokota zaidi. Bushi nzuri ya Japani iliyokazwa hivyo huchanika mapema, na lawama huenda kwa muuza spea.

Njia sahihi ni kuzishika bolti za amu kwa spana ya mkono tu, kurudisha bolti ya tosheni ba kwenye kipimo ulichoandika, kurudisha tairi, kushusha gari, kulitikisa mbele mara kadhaa ili likae, ndipo ulale chini na kukaza kwa nguvu kamili gari likiwa limebeba uzito wake. Kama nafasi haitoshi, weka matairi ya mbele juu ya mbao nene na pana. Bushi za nailoni au za plastiki ngumu, zinazozunguka kwenye chuma chake, hazina sharti hili. Hizo zinataka grisi ya kutosha wakati wa kufunga. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye pikapu amuulize fundi wake kabla ya kumkabidhi funguo, ni hili la bolti za amu: unazikaza gari likiwa wapi?

Nati za bolijointi na tairodi ni kinyume chake. Hizo hukazwa wakati wowote, mradi kijiti na tundu ni vikavu na visafi, bila grisi. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, kaza zaidi mpaka lilingane. Usilegeze kurudi nyuma. Pini iwe mpya kila mara, na ikunjwe pande zote mbili. Kipimo cha kukazia kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na spana ya kupimia nguvu inaazimika. Mkono uliozoea hukosea kwenye nati kubwa zaidi kuliko ndogo.

Kurudisha vipimo

Hakuna bolijointi, tairodi wala bushi inayobadilishwa bila vipimo vya matairi kusogea. Tairodi mpya ifungwe kwa idadi ileile ya mizunguko iliyohesabiwa wakati wa kutoa ya zamani, na hilo linakurudisha karibu. Ili gari liweze kutembea, pima mwenyewe: usukani ukiwa umenyooka, chora mstari mwembamba katikati ya kila tairi la mbele kwa kulizungusha dhidi ya msumari uliosimamishwa, kisha pima kwa futi umbali kati ya mistari hiyo miwili, mbele ya matairi na nyuma ya matairi, kwa kimo kilekile kutoka chini. Tofauti isizidi milimita chache, mbele pakiwa finyu kidogo. Hicho ni kipimo cha kukufikisha kwenye mashine ya alaimenti, hakitoshi kuishi nacho. Mlalo wa tairi na mwelekeo wa mhimili wake wa kugeukia havionekani kwa futi. Fedha ya alaimenti ihesabiwe ndani ya gharama ya kazi tangu siku ya kununua spea, kwa sababu jozi ya matairi ya mbele inaweza kuliwa kabla hujajua kuna kosa.

Zipo kazi za mbele ambazo mimi nisingezifanyia nyumbani hata kwa vifaa vizuri: springi ya mviringo bila kibano chake, chasisi yenye ufa mahali bolti ya amu inapoingia, na stabu iliyopinda baada ya ajali. LN106 na wenzake wenye ekseli nzima wana kazi nyingine kabisa, ya beringi za juu na chini ndani ya tufe la stabu, zinazopangwa kwa shimu na kupimwa ugumu kwa mizani ya kuvuta. Inafanyika nyumbani na mwenye uvumilivu, lakini ni siku mbili za grisi na matambara, na sili za ekseli zibadilishwe palepale.

Kuhusu bolti ya tosheni ba, wapo wanaoipandisha ili mbele ya gari isimame juu, kwa sura au kwa matumaini ya kubeba zaidi. Nondo haiongezeki nguvu kwa kukazwa. Kinachobadilika ni pembe ya amu. Bolijointi inafanya kazi kwenye ukingo wa kikombe chake, na katika 4x4 vifuko vya ekseli fupi vinachanika. Rudisha bolti kwenye kipimo ulichoandika, kisha pima kimo kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu na mahali tambarare. Baada ya kilomita mia chache vyuma hukaa: pima kimo tena, pitia nati zote za amu na za stabilaiza kwa spana, na pampu grisi kwenye kila jointi yenye chuchu. Upande mmoja ukiwa umeshuka, pandisha bolti yake nusu mzunguko kila mara, tikisa gari, pima upya. Na kwa kuwa kimo kikibadilika mlalo wa tairi nao hubadilika, marekebisho hayo yafanyike kabla ya kwenda kwenye mashine ya alaimenti, si baada yake.